Kigurudumu cha Kamera ya Shangazi

Nyumbani kwetu kamera hailali kabla ya kusomwa. Kila jioni shangazi akirudi kutoka bwawani huvua mabuti yake ya mpira mlangoni, hunawa mikono mpaka kwenye viwiko, kisha huiweka kamera mezani juu ya taulo kavu. Bibi hukaa upande wa pili wa meza. Bibi haoni, macho yake yalizimika kabla mimi sijazaliwa, lakini ndiye anayeuliza maswali.

"Shata?" huuliza bibi.

"Sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde."

"Mwanga?"

"Sifuri. Mchana nilipandisha, nimerudisha."

"Fokasi?"

"Ya mkono."

Wakimaliza betri na kadi, bibi husema, "Haya, mlaze," na shangazi huifungia kamera ndani ya mkoba wake. Wageni wakiwakuta hucheka wakidhani ni mchezo. Si mchezo hata kidogo. Shata ni kijilango kilichomo ndani ya kamera, na kikifunguka na kufungwa polepole, bawa la ndege hutoka kama moshi. Mwanga nao usiporekebishwa, ndege aliyetua mbele ya anga jeupe hutoka mweusi tii. Na fokasi ni kuzungusha lenzi mpaka ukungu uishe. Shangazi husema ndege hana adabu ya kumsubiri mtu atafute vitufe, kwa hiyo kila asubuhi lazima aikute kamera kama alivyoiacha.

Mimi wakati huo nilikuwa darasa la sita, na jina langu la nyumbani lilikuwa Kidole. Sikupewa bure. Nilishaifungua saa ya ukutani ili nione kinachogonga ndani, nikaifunga tena na kubaki na skrubu mbili mkononi. Pasi ya baba nayo nilishaifanyia upasuaji, haikupona. Ndiyo maana niliwekewa sheria moja: kamera naigusa nikiwa nimekaa na shangazi, basi.

Shangazi alikuwa akipiga picha za ndege wa bwawa la mji kwa ajili ya ofisi inayolitunza. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na moja, na hakuna kazi nyingine aliyoipenda. Mwaka ule palikuwa na korongo jike aliyejenga kiota ndani kabisa ya matete, na mguuni alikuwa na pete ya plastiki yenye herufi. Shangazi aliamini ndiye yule kinda waliyemvisha pete yeye na mwenzake miaka tisa nyuma, ambaye hakuna aliyemwona tena. Herufi zikisomeka kwenye picha, jambo lingethibitika. Zisiposomeka, ingebaki hadithi tu. Tatizo ni kwamba makinda yake yalikuwa yamekua. Msimamizi wa bwawa alisema yataruka kabla ya wiki kwisha, na mama yao ataondoka nayo.

Jumanne nilirudi kutoka shule nikakuta nyumba imetulia. Baba alikuwa kazini, bibi amejilaza, na shangazi amekwenda kwa fundi viatu kuchukua buti lililozibwa. Kamera ilikuwa mezani juu ya taulo, haijafungiwa. Nikatazama dirishani, na juu ya tangi la maji la jirani alikuwa ametua mwewe.

Ningesema shetani alinipitia, lakini shetani hana kosa, ni kidole changu. Niliinyanyua kamera nikachungulia. Mwewe alikuwa na ukungu. Nikazungusha lenzi kama nilivyoona shangazi akifanya, ukungu ukapungua lakini haukuisha. Hata zile namba ndogo zinazowaka ndani ya kitundu cha kuchungulia, upande wa chini, sikuziona vizuri. Nikapapasa huku na huku, na kando ya kitundu nikagusa kigurudumu kidogo, ukubwa wa punje ya mahindi. Nikakizungusha. Kikalia tik, tik, tik, na mara mwewe akatokea mzima, jicho la njano, mdomo, hata unyoya uliopinda shingoni. Sikuwahi kuona kitu cha mbali kikiwa wazi namna ile, na nilifurahi kupita kiasi.

Geti likalia. Nikairudisha kamera kwenye taulo, nikaketi na daftari langu la hisabati na kujitia kusoma. Kigurudumu sikukirudisha. Sikukumbuka hata kilikuwa wapi mwanzo.

Jioni ile walisoma kamera kama kawaida. Shata, mwanga, fokasi. Kigurudumu hakimo kwenye orodha yao, kwa sababu shangazi alikiweka sawa siku aliyoipata kamera na tangu hapo hakuna aliyekigusa. Walipomaliza, shangazi akaushika mkanda wa kamera, akasema kwa kawaida huuacha upande wa kulia, mbona uko kushoto. Kisha akanigeukia.

"Kidole, umeshika kamera?"

"Hapana, shangazi. Mimi sijaigusa."

Akasema basi labda ni yeye mwenyewe, siku hizi anasahausahau. Nilishusha pumzi. Nilidhani mambo yamekwisha, kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza.

Jumatano shangazi alirudi kutoka bwawani mapema kuliko kawaida. Hakunawa mikono. Alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya baba, akafungua picha, na mimi nikasimama nyuma ya kiti. Picha mia mbili na kumi, na zote zina ukungu. Korongo alikuwa pale, kiota kilikuwa pale, pete ilikuwa pale mguuni, lakini herufi zake zilikuwa madoa matupu. Baba akamwuliza kwa nini asiiache kamera itafute fokasi yenyewe. Shangazi akajibu kwamba akiiachia, inashika matete ya mbele na kumwacha ndege, ndiyo maana miaka yote anazungusha lenzi kwa mkono na kutegemea jicho lake.

"Na jicho langu leo limekataa," alisema. "Nilipochungulia niliona ukungu. Hata namba za chini sikuziona."

Nilijua papo hapo. Namba za chini ndizo zilizonisumbua mimi pia, kabla sijazungusha.

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini nilikuwa nimeshasema sijaigusa, na kuungama kosa moja sasa kulikuwa kuungama mawili. Nikajikausha. Nikajiambia labda kesho jicho lake litazoea, kama mtu anavyozoea giza akiingia chumbani.

Halikuzoea. Alhamisi alirudi na picha mia tatu, na ukungu ni ule ule. Nilimkuta chumbani kwake amesimama mbele ya kalenda ya ukutani, ameziba jicho moja kwa kiganja, halafu la pili. Akasogea nyuma hatua moja, akajaribu tena. Shangazi hutumia miwani ya kusomea kama watu wengi wa umri wake, na bila miwani tarehe za kalenda lazima zimtie taabu akizisogelea. Yeye alijua hivyo miaka mingi. Lakini mtu akiogopa, hata anachokijua humgeuka. Ilibaki miezi mitatu atimize umri ambao bibi alianza kupoteza macho.

Baba akamsihi aende kwa daktari kesho yake asubuhi. Shangazi akasema atakwenda Jumatatu, kuna haraka gani ya kuambiwa jambo analolijua. Bibi akasema, "Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Nenda." Shangazi akachukua simu, akatoka nje uani, na dirisha lilikuwa wazi.

Nilimsikia akimwambia msimamizi wa bwawa aje Jumamosi asubuhi kuichukua kamera, kwa maana ni mali ya ofisi. Akamwambia amtafute mtu mwingine, mwenye macho mazuri, labda atawahi kumpiga yule korongo kabla hajaondoka. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeagiza sabuni, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kamera ilikuwa mezani. Nikaona Mungu amenipa nafasi ya kurekebisha bila kusema. Ningerudisha kigurudumu, kesho shangazi angeona vizuri, angempigia simu msimamizi kumwambia asije, na hakuna ambaye angejua. Nikainyanyua, nikaielekeza kwenye tangi la jirani. Nikazungusha kigurudumu upande mmoja, tangi likapotea. Nikakirudisha upande wa pili polepole, tik, tik, mpaka nikaona kila mstari wa kutu na kila tone linalodondoka kwenye bomba. Hapo ndipo penyewe, nilijiambia. Nikaiweka kamera kama nilivyoikuta, na mkanda nikakumbuka kuuacha kulia.

Usiku ule nililala usingizi mzito wa mtu mwema. Asubuhi nilipokwenda shule nilimpita shangazi akivaa mabuti, akaniambia anakwenda kuaga. Nikamwambia leo utampata, shangazi. Akanipapasa kichwa akatabasamu, na nikajiona mimi ni mjanja kweli.

Ijumaa alasiri nilirudi mbio mpaka pumzi zikanikatika. Mabuti yalikuwa mlangoni. Kompyuta ya baba ilikuwa imewashwa, na kwenye kioo chake palikuwa na picha ya korongo amesimama ukingoni mwa kiota, mguu wa pete ameutanguliza mbele kabisa, kama aliyeambiwa aoneshe. Nafasi kama ile hupatikana mara moja. Picha ilikuwa na ukungu mbaya kama ule wa Jumatano.

Sikuelewa. Nilikuwa nimekirudisha kigurudumu kwa mikono yangu na kuona kwa macho yangu. Nikaanza kufikiri labda kweli shangazi anaugua, labda kosa si langu hata kidogo. Nawaambia ukweli, nusu ya moyo wangu ilitamani iwe hivyo. Nikikumbuka mpaka leo naona haya.

Nikasikia sauti zao jikoni. Nikaenda, nikasimama kizingitini, wasinione.

Shangazi alikuwa amejifunga kitambaa machoni. Mbele yake palikuwa na birika la chai na kikombe, na bibi amekaa karibu yake, mkono wake juu ya mkono wa shangazi.

"Kidole cha shahada kiweke ukingoni mwa kikombe, kiingie ndani kidogo," bibi alikuwa akimwelekeza. "Sasa mimina taratibu, na usikilize. Chai ikikaribia kujaa, sauti yake hubadilika."

Shangazi akamimina. Chai ikaenda mezani, ikatiririka mpaka magotini kwake. Akajaribu tena. Safari hii ikaingia, ikapanda, ikamgusa kidole, naye akashtuka akauvuta mkono. Akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka, akainamisha kichwa, na kitambaa kikaanza kulowa. Bibi akamwambia, "Lia tu. Mimi sikuwa na wa kunifundisha, nilijifunza kwa kuungua. Wewe unaye mama yako."

Miguu yangu ilitaka kukimbilia chumbani. Sijui ni nini kilichoipeleka mbele.

"Shangazi, vua kitambaa. Macho yako hayana ugonjwa. Ni mimi."

Hakukivua. Aliuliza nimefanya nini, na nikamweleza yote nikiwa nimesimama pale pale, mwewe, kigurudumu, swali aliloniuliza na jibu nililompa, na jana nilivyozungusha tena kwa siri. Nilikuwa nikilia na kupiga chafya kwa pamoja. Nilipomaliza, chai ilikuwa ikidondoka sakafuni, bibi ameukunja uso.

Shangazi akakivua kitambaa polepole. Akanyanyuka, akaenda mezani, akaichukua kamera na kusimama dirishani. Nikasikia tik, tik, tik, nyingi, nyingi kuliko nilivyotarajia. Kisha zikakoma. Akakaa hivyo jicho kwenye kitundu muda mrefu.

"Mama," akasema, "nahesabu misumari kwenye bati la jirani."

Bibi akamshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nikasogea, nikidhani sasa nitakumbatiwa. Shangazi akainua kiganja kunizuia. Uso wake sikuwahi kuuona vile.

"Toka kwanza," akasema. "Toka, nisije nikakutamkia neno nitakalolijutia."

Nilikwenda kukaa ngazini. Baba aliporudi akaelezwa, akapita mbele yangu bila kuniita jina, wala Kidole, wala mwanangu. Hakuna aliyenichapa. Ningechapwa ingekuwa nafuu.

Jumamosi kabla jua halijatoka shangazi alinigusa bega akaniambia nivae viatu vya matope. Tulipotoka, gari la msimamizi wa bwawa lilikuwa getini. Ni mzee mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, na alikuja na sanduku la kuichukulia kamera. Shangazi hakunisemea. Aliniambia nimweleze mzee kilichotokea, tangu mwanzo, nisiruke kitu.

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikaanza. Safari hii sikuwa na machozi ya kujificha nyuma yake. Mzee alisikiliza huku akinitazama viatu. Kisha akamwambia shangazi kwamba makinda mawili yalisharuka jana jioni, limebaki moja, na kijana wa picha aliyemwita anafika saa nne. Akasema, "Mama Ndege, una mpaka saa nne. Zaidi ya hapo nitakuwa nimemvunjia mtu ahadi."

Ndani ya matete shangazi ana kibanda cha mbao, kidogo, cha watu watatu wakibanana, chenye dirisha la ukubwa wa kitabu. Tuliingia sote watatu, mgongo umepinda. Akaifunga kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu, akaisoma mwenyewe kwa kunong'ona, shata, mwanga, fokasi, na mwisho akagusa kigurudumu kwa ncha ya kidole. Kisha tukangoja.

Kinda la mwisho lilikuwa ukingoni mwa kiota likipiga mabawa. Kila likipiga, nilikufa nusu, kwa maana likiruka mama hana tena sababu ya kurudi. Saa moja ikapita. Mbu walinila na sikuthubutu kumpiga hata mmoja. Saa mbili na robo korongo akaja, akatua upande usiofaa, mguu wa pete nyuma ya matete. Akamlisha kinda, akaondoka. Shangazi hakubonyeza kitu. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa. Mzee akatazama saa yake mara moja, kisha ya pili.

Saa tatu na nusu kinda likaruka. Lilianguka kwanza, likagusa maji, likainuka likapotea juu ya matete. Kiota kikabaki kitupu. Nikajua tumechelewa, na kwamba mtu aliyetuchelewesha ni mimi. Nilitaka kusema kitu, shangazi akanibana goti kwa vidole vyake, akimaanisha ninyamaze.

Ndipo korongo akarudi. Nadhani alikuwa hajajua, alikuwa na samaki mdomoni. Akatua kwenye kiota kitupu, akatazama huku, akatazama kule, akanyanyua mguu mmoja akaushusha ukingoni. Shangazi akazungusha lenzi upana wa unywele kulia, upana wa unywele kushoto. Akavuta pumzi, akaizuia, kisha kamera ikalia mfululizo kama njugu zinazomwagwa sakafuni. Korongo akaruka.

Shangazi akageuza kamera, akafunika kioo cha nyuma kwa kofia ili jua lisiingie, akaikuza picha. Hakuitazama yeye. Alimpa mzee. Mzee akavaa miwani, akasoma herufi mbili na tarakimu mbili, akatoa daftari kuukuu mfukoni, akalamba kidole na kufunua kurasa taratibu mpaka nikataka kumnyang'anya. Akakuta alichokitafuta. Akakisoma kwa sauti, na kilikuwa kile kile.

"Ni yeye," akasema. "Yule mliyemvisha pete pamoja, wewe na marehemu mke wangu." Akampa shangazi mkono, na sanduku lake akaliacha limefungwa.

Nilidhani sasa nimesamehewa na habari imekwisha. Lakini shangazi alikuwa akinitazama, ameukunja uso kama anayefanya hesabu. Akaniambia nisogee nichungulie kamera bila kugusa kigurudumu, nimwambie ninaona nini. Kiota kilikuwa na ukungu. Nikamwambia hivyo. Akaniambia haya, zungusha mpaka uone vizuri. Nikazungusha, tik, tik, tik, mpaka nikaona kila kijiti. Akakitazama kigurudumu kimesimama wapi.

"Hapa ndipo nilipokikuta jana," akasema polepole. "Hicho hurekebisha kitundu kifuate jicho la anayechungulia. Mtoto wa kaka yangu, anayeona ukungu siye mimi. Darasani ubaoni unaona?"

Kumbe hapo ndipo palipobaki uongo wa mwisho, na huo nilikuwa nimeushikilia mwaka mzima. Ubaoni sikuwa naona. Nilikuwa nanakili kwa jirani yangu wa dawati, tunayemwita Redio, ambaye husoma kila kitu kwa sauti bila kuombwa. Sikutaka kusema, kwa sababu mtu mmoja darasani alipewa miwani na tangu siku hiyo anaitwa Macho Manne. Na ndiyo maana juzi nilipokirekebisha kigurudumu kwa siri nilikirudisha pale pale penye kosa. Nilikirekebisha kwa macho mabovu.

Jumatatu tulikwenda kwa daktari wa macho, mimi na shangazi. Yeye alitangulia kupimwa, akaambiwa macho yake ni mazima, aendelee na miwani yake ya kusomea. Mimi niliketi kwenye benchi la mlangoni, na mlango ulikuwa wazi. Aliyefuata alikuwa baba mmoja mwenye sauti kubwa, akasoma ule ubao wa herufi mstari kwa mstari. Mimi nina kichwa chepesi. Alipotoka, mistari mitano ya kwanza nilikuwa nayo yote kichwani, mwanzo mpaka mwisho.

Nikaketishwa kitini. Daktari akaniambia nianze na mstari wa tatu. Shangazi alikuwa nyuma yangu, simwoni. Herufi zilikuwa ulimini, safi, zimepangana. Ningezitamka tu, na ningerudi nyumbani bila miwani na bila Macho Manne. Nikatazama ubao. Ulikuwa karatasi nyeupe yenye vumbi vumbi.

"Sioni," nikasema. "Nimesikia yule baba akiusoma, kwa hiyo naweza kukutajia. Lakini sioni hata herufi moja."

Daktari akacheka, akasema katika miaka yake yote hajapata mgonjwa wa aina hii, akabadilisha ubao. Nyuma yangu nikasikia shangazi akipenga kamasi.

Tulipotoka, shangazi hakunishika mkono mpaka tulipofika kwenye kona. Hapo akasimama, akanigeuza tutazamane.

"Nimekosea mara nyingi maishani, na kuzungusha kigurudumu ni kosa la kitoto, hurudi kwa kidole kimoja," akasema. "Lakini nilikuuliza, ukaniambia hukugusa, nami nikakuamini wewe kuliko nilivyojiamini mimi. Siku tatu nilikuwa nikijifunza upofu nikiwa na macho mazima. Uongo hufanya hivyo. Haumpati aliyeusema, unampata aliyeuamini. Na ule wa ubao wa darasani ulikuwa unakula macho yako mwenyewe. Mtu akikuuliza, mwambie ulichokiona na ulichokifanya, hata kama ni ukungu mtupu, kwa sababu yeye hakuwepo. Hana macho mengine ila hayo yako. Umenisikia?"

Nikamwambia nimesikia. Akanitazama kwa muda, akijaribu kupima kama ni kweli, na nikaona ananipima kwa taabu, jambo ambalo zamani hakuwa akilifanya. Kisha akanishika mkono tukavuka barabara.